Ujira wa Mlango wa Simu

Katika soko la Sirisia, na hata ukishuka hadi Lwakhakha penye mpaka wa Uganda, aghalabu utamkuta mchuuzi wa vitunguu ana simu ya laini mbili, naye kabla ya kumpigia mnunuzi wake wa Chwele hutazama kwanza nambari ile ni ya kampuni gani. Chanzo cha hadhari hiyo ni ada ambayo yeye mwenyewe hajapata kuiona.

Mwito utokao laini ya Airtel kwenda ya Safaricom hupaa kwa mawimbi ya redio hadi mnara ulio karibu, ukafika kwenye mtambo mkuu wa kampuni ya kwanza, ukavuka kiungo kilicho baina ya kampuni mbili, na hapo kampuni ya pili hufungua daftari lake la kielektroniki ili kujua mteja wake yuko chini ya minara ipi, ndipo simu ikalia. Kwa kazi hiyo ya mwisho hudai ujira kwa kila dakika. Na madhali hakuna njia nyingine ya kumfikia mteja yule, kampuni hiyo huwa bawabu wa mlango wa pekee, na bawabu asiye na msimamizi hupanga bei kwa kadiri ya tamaa yake. Kampuni kubwa haidhuriki sana, kwani wateja wake wengi hupigiana wao kwa wao; mzigo huielemea ndogo, ambayo simu zake nyingi hazina budi kutoka nje.

Mwaka 2010 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliushusha ujira huo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi Agosti Zain, ambayo ndiyo Airtel ya leo, ikaanza kutoza shilingi 3 kwa mitandao yote, bei ambayo kabla ya hapo isingelipa hata ule ujira wa mlangoni. Hatua nyingine ya kuushusha ujira iliyokuwa ifuate mwaka 2011 ilicheleweshwa baada ya malalamiko ya kampuni. Ujira ukafika senti 99 mwaka 2014, ukakaa hapo miaka minane, na baada ya mashauri marefu ukawa senti 58 mwaka 2022, kisha 41 mwaka 2024.

Kwa maoni yangu, miaka minane hiyo ilikuwa dhuluma kwa mpiga simu maskini. Nawasihi wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoirithi Tume ile, waitangaze hesabu ya gharama halisi kwa Kiswahili wazi, ili mchuuzi wa Sirisia naye atoe rai yake kabla bei haijakatwa.