Mpondwe: Pahali Kiingereza na Kifaransa Vinapogongana

Ukivuka daraja la Mto Lhubiriha pale Mpondwe, kutoka Bwera ya Uganda kuingia Kasindi ya Kongo, mambo manne yanageuka kwa mpigo mmoja. Saa yako inarudi nyuma kwa saa nzima. Magari yanahama kutoka kushoto kwenda kulia. Shilingi inakuwa faranga. Na Kiingereza cha ofisi za serikali kinakuwa Kifaransa. Watu ndio hawageuki: Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo wanasikilizana bila mkalimani, kwa kuwa lugha zao ni kama moja. Walitenganishwa na mkataba wa mwaka 1910, pale Waingereza na Wabelgiji walipopitisha mpaka juu ya Milima ya Rwenzori.

Kwa anayetafuta rekodi za maneno ya Kiingereza na wenzao wa Kifaransa, Mpondwe inashinda maktaba yoyote. Hapa neno lisiloeleweka linagharimu pesa siku hiyohiyo.

Rekodi ya juu kabisa iko mlimani, na haina ubishi. Mlima Stanley ndio mrefu kuliko yote ya Uganda na Kongo, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi kutoka Italia alikipanda na kukiita kwa jina la malkia wa kwao. Kilele jirani akakipa jina la Alexandra, malkia wa Uingereza. Huko chini, hifadhi ya Kongo iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika kuitwa hifadhi ya taifa, ilipewa jina la Mfalme Albert wa Wabelgiji kabla ya kuitwa Virunga. Ile inayopakana nayo upande wa wilaya ya Kasese, Uganda, ikapewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954. Wafalme wa Ulaya walikutana huku kwa majina, kama lugha zao zinavyokutana leo mpakani.

Maneno yanayofanana kuliko yote yanapatikana kwenye madirisha ya ofisi za mpakani. Soma mabango ya pande zote mbili: “passport” na “passeport”, “tax” na “taxe”, “certificate” na “certificat”, “control” na “contrôle”. “Visa”, “police”, “migration” na “document” hazibadiliki hata herufi moja. Hata alama ya barabarani ya kusimama imeandikwa “stop” kwa Mwingereza na kwa Mfaransa. Sababu kubwa ya maneno ya ofisini kufanana ni ya kale. Mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa watawala, mahakimu na watoza kodi wa nchi ile walizungumza Kifaransa. Maneno ya mamlaka yakaingia katika Kiingereza na kubaki humo. Karani wa Uganda na karani wa Kongo, kila mmoja na muhuri wake, wanaweza kusomeana fomu kwa kubahatisha na wakapatia.

Sasa ondoka dirishani uingie sokoni, ndipo utakapoona rekodi ya pili, ile ninayoiona nzito kuliko zote: maneno yaliyo mbali zaidi ni yale ya mwenye kapu. Maharage ni “beans” huku na “haricots” kule. Karanga ni “groundnuts” na “arachides”. Samaki ni “fish” na “poisson”, muhogo ni “cassava” na “manioc”, kuku ni “hen” na “poule”, yai ni “egg” na “œuf”. Hakuna cha kubahatisha hapo. Ukiacha karanga na muhogo, wakulima wa Uingereza waliendelea na maneno yao ya shambani wakati mabwana wakisema Kifaransa, na tofauti hiyo ya karne tisa zilizopita ndiyo inayomsumbua leo mama anayevusha samaki au unga kwenda Kasindi. Mwenye cheo alirahisishiwa, mwenye mzigo hakurahisishiwa. Kinachomwokoa ni Kiswahili, maana samaki ni samaki kwenye kingo zote mbili za Lhubiriha, na kuku ni kuku, na mayai ni mayai.

Yapo maneno machache ya sokoni yanayoshika rekodi ya undugu. Sukari, “sugar” na “sucre” yote yametoka kwa Waarabu. Kahawa, “coffee” na “café” vilevile. Kasese ni wilaya ya kahawa, hivyo neno hilo husikika kila msimu, na mnunuzi wa Kongo hahitaji kufafanuliwa. Lakini asiyejua aangalie: huko Kongo “sucré” ni soda. Ukiitisha sukari kwa Kifaransa cha kubabaisha unaweza kuletewa chupa baridi.

Hesabu ndipo pahali pa kukaa zaidi, kwa sababu biashara yote ya Mpondwe ni hesabu. Rekodi ya namba yenye kuzunguka kuliko zote naipa 97 ya Ufaransa. Mfaransa husema “quatre-vingt-dix-sept”: ishirini mara nne, ongeza kumi, ongeza saba. Sabini kwake ni sitini na kumi. Kwa hiyo akianza kutaja 75, sikio lako linasikia sitini kwanza, mkono unaandika 6, kisha inafika kumi na tano na unalazimika kufuta. Mwingereza husema “ninety-seven”, tisini na saba, kama Mswahili, basi.

Habari njema, ambayo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa Kifaransa cha Paris haviisemi, ni kwamba Kongo haihesabu kama Ufaransa. Ilitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji wana sabini yao, “septante”, na tisini yao, “nonante”. Kasindi, Beni na Butembo 97 ni “nonante-sept”, na 75 ni “septante-cinq”. Themanini peke yake ndiyo iliyobaki “quatre-vingts”. Mwanafunzi wa Uganda aliyefundishwa Kifaransa cha Ufaransa anaweza kupata alama nzuri darasani, akafika Kasindi akasikia “nonante” na kudhani mwenzake amekosea. Hakukosea. Hicho ndicho Kifaransa cha majirani, ni rahisi zaidi kwa mtu wa Afrika Mashariki, na ndicho kinachofaa kuanza nacho. Nao Wakongomani wanapozungumza Kiswahili, wengi huhesabu kwa makumi: makumi mbili, makumi tatu, pale ambapo Mombasa au Kampala utasikia ishirini na thelathini. Mwenye kujua njia zote hizo hapunjwi.

Rekodi ya neno la hatari ina washindani wengi. “Monnaie” inafanana na “money”, lakini Mkongomani akiitaja mara nyingi anataka chenji. “Essence” kwake ni petroli. “Demander” ni kuuliza au kuomba kwa upole, ilhali sikio la Kiingereza linasikia “demand”, kudai kwa nguvu. Neno moja la adabu linaweza kuzua ugomvi wa bure. “Library” ni pahali pa kuazima vitabu, “librairie” ni duka la kuviuza. “Pain” kwa daktari wa Uganda ni maumivu, kwa msomaji wa Kifaransa ni mkate.

Ushindi, hata hivyo, naupa neno “blessé”. Kwa sikio la Mganda linasikika kama “blessed”, aliyebarikiwa. Kwa Kifaransa ni majeruhi. Katika wilaya ambayo hospitali zake hupokea wagonjwa na wakimbizi kutoka ng’ambo, neno hilo halifai kusikiwa vibaya hata mara moja.

Tukiwa hapo hospitalini, tukumbuke mwezi wa Juni 2019. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, ulioanza Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200 hadi ulipomalizika Juni 2020, ndio wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo. Ulivuka mpaka kupitia hapa: mtoto wa miaka 5 aliyekuja na jamaa zake kutoka Kongo alifikishwa Hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, na akawa mgonjwa wa kwanza wa mlipuko ule kuthibitishwa nchini Uganda. Alifariki. Tazama sasa maneno ya dalili. Homa ni “fever” na “fièvre”, ndugu wa karibu. Kutapika ni “vomit” na “vomir”. Lakini kutoka damu, dalili inayotisha kuliko zote, ni “bleeding” huku na “saignement” kule, na hakuna herufi ya kukusaidia. Kwa mhudumu wa afya wa mpakani, “saignement” ni neno la Kifaransa la kujifunza kabla ya “bonjour”.

Misemo ya kila siku nayo ina mabingwa wake. Mvua kubwa ikinyesha Mwingereza husema inanyesha paka na mbwa, Mfaransa husema inanyesha kamba. Kwa Kasese naona Mfaransa ameshinda: mvua ya Rwenzori kweli huteremka kama kamba zilizonyooka, na Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020 watu walipoteza nyumba na jamaa. Bei ikipanda kupita kiasi, Mwingereza analipa mkono na mguu, Mfaransa analipa macho ya kichwani. Jambo lisilowezekana litatokea nguruwe watakaporuka, asema Mwingereza. Kuku watakapoota meno, asema Mfaransa. Mchuuzi wa Bwera ataelewa wa kuku haraka zaidi.

Msemo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kuondoka bila kuaga. Mwingereza huita tabia hiyo “French leave”, kuondoka Kifaransa. Mfaransa husema “filer à l’anglaise”, kutoroka Kiingereza. Kila mmoja amemtupia mwenzake aibu ileile, na wala sijui jozi nyingine ya misemo iliyo sawa hivyo. Kiswahili nacho kina mchango wake mpakani: njia za panya, zile za kukwepa forodha. “Panya routes” imeshaingia hata katika Kiingereza cha Uganda.

Na safari ya mbali kuliko zote zilizoanzia mpakani ni ya bodaboda. Neno hilo lilizaliwa miaka ya 1960 huko Busia, baina ya Kenya na Uganda, kutokana na Kiingereza cha “border to border”, kutoka mpaka hadi mpaka. Leo lipo kila kijiji cha Kasese, na linaishia Mpondwe kwenye mpaka mwingine kabisa. Ukivuka, pikipiki hiyohiyo ni “moto”.

Urefu wa maneno nautaja kwa haraka. Watoto wa Kifaransa hufundishwa “anticonstitutionnellement”, herufi 25. Waingereza wanajivunia “antidisestablishmentarianism”, herufi 28. Hakuna anayeyahitaji kuuza chochote. Afadhali “eau”, maji: herufi tatu zinazotamkwa “o” tu, neno ambalo mtu aliyezoea kusoma kila herufi ya Kiswahili atalikosea mara nyingi kabla ya kulipata.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mambo hayo mawili yanaihusu Bwera kuliko mji mwingine wowote wa Uganda, lakini azimio la mbali halimsaidii mama wa samaki siku ya soko. Kwa hiyo naomba jambo moja dogo kwa wakuu wa elimu, biashara na afya walioko makao makuu ya wilaya pale Rukoki. Chapeni karatasi moja yenye safu nne: Lhukonzo, Kiswahili, Kiingereza, na Kifaransa cha Kongo. Ianze na namba, “septante” na “nonante” zikiwamo. Zifuate dalili za ugonjwa, kisha mazao. Maneno ya ofisini yaachwe, hayo yanajieleza yenyewe. Ibandikwe sokoni Mpondwe, kwenye zahanati na katika kila darasa la Bwera. Na wewe unayevuka kesho asubuhi, usisubiri karatasi: jifunze kuhesabu hadi mia kwa namna ya Kasindi kabla hujabeba mzigo.