Hakimu wa ramli hana jina la jirani

Mwanza na mikoa jirani, mpiga ramli hutajwa zaidi kwenye taarifa za polisi kuliko kwenye mazungumzo ya ufundi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mpiga ramli aliyewataja kuwa wachawi simwonei huruma.

Lakini ramli yenyewe, ile ya mchanga iliyofika pwani kutoka Uarabuni, ni hesabu. Fundi huchoma safu 16 za nukta haraka haraka, bila kuhesabu, kisha huzifuta mbili mbili. Ikibaki moja ni witiri. Zikibaki mbili ni shufwa. Safu nne hufanya umbo moja. Maumbo manne ya kwanza ni mama. Mama hao wakisomwa kwa upande, wanapatikana mabinti wanne. Wawili wawili wakijumlishwa huzaa wengine, hadi mashahidi wawili na hakimu mmoja. Kwa kuwa mabinti ni nukta zilezile za mama zao, hakimu daima huwa na jumla ya shufwa. Kati ya maumbo 16, manane hayakalii kiti hicho kamwe. Akitokea hakimu wa nukta tano, fundi kakosea, aanze upya. (Wangapi kati ya wanaojiita mafundi wanalijua hili?)

Wachina nao wana Yijing, kitabu cha maumbo 64 ya mistari sita sita. Sarafu tatu hurushwa mara sita; upande mmoja huhesabiwa 3, mwingine 2. Jumla ya 7 au 8 ni mstari uliotulia. Ya 6 au 9 ni mstari uliokomaa, nao hugeuka kinyume chake. Umbo la 11, Tai, ni la amani. Mstari wake wa chini ukiwa 9, linakuwa la 46, Sheng, la kupanda juu. Yote mawili husomwa: ulipo na unakoelekea. Ikigeuka mistari mingi maneno hugongana, ndiyo maana Zhu Xi, mwanazuoni wa karne ya 12, aliweka kanuni za mstari upi usikilizwe.

Usukumani mfumu, yaani mwaguzi wa Kisukuma, hupasua kuku aliyeletwa na mteja, akasoma alama za mbawani na mgongoni. Hapo hakuna jumla ya kuhakiki. Kuna jicho la mfumu tu.

Na jina la mchawi linaingilia wapi? Mteja huja nalo. Mtoto kafa, ng'ombe wamekwisha, kuna shangazi waliyegombania naye shamba. Mwaguzi husema adui ni wa karibu, mwanamke, mtu mzima, kisha hunyamaza. Mteja ndiye anayemalizia.