Mto Ulionuka Hata Bungeni

Mtu akitaka kuchimba choo nyuma ya nyumba yake, hushika jembe akachimba. Pengine jirani atanung'unika, pengine mwenye kiwanja ataulizwa kwanza, lakini shauri hilo haliendi mbali. Mji ukitaka kuchimba mifereji ya kuondoa maji machafu ya watu zaidi ya milioni 2, shauri ni jingine. Mifereji hiyo hupita chini ya barabara na chini ya nyumba za watu. Gharama yake hushinda mfuko wa mji. Na mwisho wake lazima itoke mahali fulani, na mahali pale pana watu. Kwa hiyo kazi kama hiyo hutakiwa ruhusa mbili za serikali: ruhusa ya kujenga, na ruhusa ya kumwaga. Wengi hudhani ruhusa ni karatasi tu ya kuwasumbua watu. Leo twapenda kuwaeleza habari za mji wa London, katika nchi ya Uingereza, ambako ruhusa ya kwanza ilicheleweshwa, na ya pili ilisahauliwa. Na mara zote mbili walioumia ni watu wadogo.

Zamani nyumba za London zilikuwa na mashimo ya choo, na watu maalum walikuja usiku kuyazoa. Mifereji ya mji ilikuwa ya maji ya mvua tu. Hadi mwaka 1815 ilikatazwa kabisa kuingiza humo uchafu wa choo. Kisha vikaja vyoo vya kuvuta maji, mashimo yakafurika. Katika miaka ya 1840 wakubwa wa mji wakaamuru mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe na mifereji. Nia yao ilikuwa njema. Lakini mifereji yote iliishia katika mto Thames, na mto huo huo ulikuwa kisima cha mji. Wasomaji wetu wanaokaa Uvira, Kalemie au Goma hawahitaji kuelezwa kolera ni nini. Huko London iliua watu zaidi ya 14,000 katika miaka 1848 na 1849, na wengine zaidi ya 10,000 katika miaka 1853 na 1854. Mganga mmoja, John Snow, alionyesha katika mwaka 1854 kwamba ugonjwa ulifuata maji ya bomba moja la mtaa wa Broad Street. Wachache walimsadiki. Wakubwa waliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya.

Mwaka 1855 Bunge lilitunga sheria na kuweka Halmashauri ya Kazi za Mji. Injinia wake mkuu alikuwa Joseph Bazalgette. Shauri lake lilikuwa hili: kujenga mifereji mikubwa sambamba na mto, upande wa kaskazini na upande wa kusini, ipokee maji machafu yote kabla hayajafika mtoni, iyapeleke mashariki, mbali na mji. Lakini sheria ile iliyoizaa Halmashauri iliifunga pia mikono. Mpango wa mifereji mikuu usianzwe kabla haujakubaliwa na Mkuu wa Kazi za Serikali. Kazi ya kupita pauni 50,000 itakiwe ruhusa yake. Ya kupita pauni 100,000 itakiwe ruhusa ya Bunge lenyewe. Na kazi ya Bazalgette ilihesabiwa kwa mamilioni.

Mkuu wa Kazi alikuwa Benjamin Hall, yule ambaye, kwa masimulizi ya wengi, jina lake lilipewa kengele kubwa ya Bunge, Big Ben. Katika mwaka 1856 alipelekewa mpango, akaukataa. Ukarekebishwa, akaukataa tena. Akaita wataalamu watatu waupime. Nao katika mwaka 1857 wakaleta mpango mwingine, wa mbali zaidi na wa gharama kubwa zaidi. Halmashauri ikakataa kwa zamu yake. Barua zikaenda na kurudi. Mifereji haikuanza.

Hapa tusimhukumu Bwana Hall upesi. Msomaji wa huku bara ajue kwamba mto Thames, karibu na bahari, hauendi upande mmoja tu. Mara mbili kwa siku bahari hujaa na kuyasukuma maji ya mto nyuma, kisha hupwa na kuyavuta. Uchafu uliomwagwa karibu na mji waweza kurudi mjini na maji ya kujaa, kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Hall alisema: mwagieni mbali. Alisema kweli. Lakini kila kilomita ya mbali ilikuwa na bei yake, na swali lililofichwa nyuma ya barua zile zote lilikuwa moja tu: nani atalipa? Mji ulisema serikali ilipe yale inayoyadai. Serikali ikasema uchafu ni wa mji. Katika ugomvi wa namna hii tumbo la mtoto mgonjwa halina mjumbe barazani.

Ndipo likaja joto la mwezi wa Juni, mwaka 1858. Mvua ilikuwa haba, maji ya mto yakapungua, na hewa ikapita digrii 30. Mto ukaoza. Nyumba ya Bunge imejengwa ukingoni pa Thames. Mapazia yake yalilowekwa katika dawa ya klorini, na bado wabunge walikaa wameziba pua kwa vitambaa. Waziri wa Fedha, Benjamin Disraeli, alileta mswada tarehe 15 Julai. Tarehe 2 Agosti ulikuwa sheria. Siku 18! Miaka ya kolera haikuweza kufanya yale yaliyofanywa na pua za wabunge. Halmashauri ilipewa uwezo wa kujenga bila kungoja tena neno la Mkuu wa Kazi, na kukopa pauni milioni 3 kwa dhamana ya serikali, deni lilipwe kwa kodi ya nyumba za mji kwa miaka 40.

Bazalgette hakulala. Alijenga kilomita 132 za mifereji mikuu kwa matofali milioni 318, na kwa simenti ambayo kila shehena yake ilipimwa kabla ya kutumika. Pale ambapo maji hayakuweza kuteremka yenyewe, mashine kubwa za mvuke ziliyapandisha. Tarehe 4 Aprili 1865 mtoto wa Malkia alizindua mashine za Crossness. Lakini mitaa ya mashariki, ya maskini wa bandari, ilikuwa haijaunganishwa bado. Mwaka 1866 kolera ilirudi, ikaua huko mashariki watu zaidi ya 5,000. Mahali palipomalizika mifereji iligusa kidogo tu. Miaka miwili ya barua ilikuwa na hesabu yake.

Na ile ruhusa ya pili? Sheria ya 1858 iliamuru uchafu usiingie mtoni ndani ya mipaka ya mji. Juu ya watu wa chini, nje ya mipaka, ilisema machache mno. Uchafu ulitolewa Barking na Crossness, mbichi kama ulivyo, kila bahari ilipoanza kupwa. Wenyeji wa Barking walilalamika rasmi katika mwaka 1869, wala hawakupata walichotaka. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na meli nyingine karibu na pale, ikazama. Zaidi ya watu 600 walikufa, katika maji yaliyokuwa yamemwagiwa uchafu muda mfupi tu kabla. Ndipo serikali ikaweka tume, nayo katika mwaka 1884 ikatangaza kwamba kumwaga uchafu mbichi hakukubaliki. Tangu mwaka 1887 tope lilitengwa likapelekwa kwa meli mpaka baharini. Desturi hiyo, ambayo leo hatuwezi kuisifu, ilikoma katika mwaka 1998.

Tume nyingine ya Waingereza ilitoa katika mwaka 1912 kipimo kilichokuja kufuatwa katika nchi nyingi. Lita moja ya maji yaliyosafishwa isibaki na zaidi ya miligramu 30 za uchafu unaoelea, wala isinyang'anye mto zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa siku tano, maana samaki huishi kwa oksijeni hiyo. Na tena mto upokeao uwe na maji safi mara nane kuliko yale yanayoingia. Ona jinsi ruhusa ilivyobadilika. Haiulizi tena tu, "Mtajenga wapi?" Yauliza kila siku: "Mmemwaga nini leo?" Maji hupimwa, hesabu huandikwa, na mwenye kuvunja masharti huitwa mbele ya hakimu. Kampuni ya Thames Water, inayoendesha mifereji ya London, ilitozwa faini ya pauni milioni 20 na zaidi katika mwaka 2017 kwa kumwaga uchafu katika Thames na vijito vyake.

Mifereji ya Bazalgette yafanya kazi hata leo. Lakini hubeba maji ya mvua pamoja na ya vyoo, na mvua ikizidi, hufurika mtoni. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilitamka katika mwaka 2012 kwamba jambo hilo ni kuvunja sheria. Kampuni ya Thames Water ikaomba kuchimba mfereji mpya chini ya mto wenyewe, kilomita 25, mpana kupita mita 7. Maombi yalipelekwa Februari 2013. Yakachunguzwa waziwazi, na wakaaji wa kandokando, hata wasiopenda kelele za mashine mlangoni pao, waliruhusiwa kusema. Ruhusa ilitolewa Septemba 2014, na mfereji wote uliunganishwa Februari 2025. Wakaaji wa London wanaulipia ndani ya ankara zao za maji.