Siku Nne Mtoni Rufiji

Watu wengi wakisikia jina la Rufiji hukumbuka mamba na mafuriko tu, wala si ajabu, maana vyote viwili vipo. Lakini mto huo una njia yake ya kusafiriwa, na wenyeji wanaijua. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 sisi rafiki wanne, walimu watatu na fundi seremala mmoja, tulishuka kwa mtumbwi toka Utete hata Nyamisati, tukiongozwa na mzee mmoja Mrufiji aliyezaliwa ukingoni.

Mzee alipoona mizigo yetu alicheka, akairudisha nusu yake nyumbani. Alituachia unga, mchele, dagaa, chumvi, sufuria moja, vyandarua na turubai. Dawa hakuzigusa. Kisha akashika upondo, nasi tukashika makafi.

Kiboko ndiye mwenye mto, na adabu zote za safari zamtazama yeye. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kula majani, na mapito yake hayabadili. Mtu akisimama kati yake na maji, amejitafutia mauti. Kwa hiyo kila jioni Mzee alitembea ukingoni akitazama nyayo, ndipo aliporuhusu tushushe vitu, tena juu ya fungu la mchanga lililo mbali na mapito hayo. Na kila tulipokaribia maji ya kina aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ko, ko, ko. Viboko huinua vichwa wasikiapo, nasi tukajua walipo, tukapita kando penye maji haba. Maji ya kunywa tulichota kwa ndoo yenye kamba, wala si mahali pamoja mara mbili, kwa kuwa mamba hujifunza desturi ya mtu.

Siku ya pili tulipita chini ya daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Magari ya Lindi yalinguruma juu, nasi chini tukaonekana kama vifuu vinavyoelea. Baada ya hapo mabonde yalitanda pande zote, na madungu ya walinzi wa mashamba yamesimama juu ya miti mirefu. Hapo ndipo watu hulima mlau, yaani hupanda katika udongo wenye unyevu ambao mafuriko yameuacha nyuma. Mzee alisimulia kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu toka bondeni, wakapelekwa mahali pa juu. Lakini jembe la baba yake lilirudi bondeni kila mwaka. Tangu Desemba 2022 maji yanazuiwa huko juu katika bwawa la Julius Nyerere, ili kupata umeme wa megawati 2,115. Hata hivyo Aprili 2024 mashamba na nyumba nyingi zilizama, na watu wakabishana sana kama maji yale ni ya mvua au ya bwawa. Mzee hakupenda ubishi huo. Alisema, "Mto ukija mwingi unalia, ukija mdogo unalia. Mimi nauliza utakuja lini, nipate kupanda."

Usiku huo seremala alishikwa na homa. Alitetemeka hata turubai likatikisika. Zahanati ilikuwa kijijini, mwendo wa saa tatu chini ya mto, na mwenzetu mmoja kijana akataka tuondoke papo hapo.

"Mzee wangu, ndugu yetu atakufa hapa mchangani!"

"Mwalimu, yule mgonjwa ni mmoja," Mzee akajibu. "Pale mbele pana kundi, na gizani sioni vichwa vyao. Wataka niwapeleke watano?"

Kijana alikasirika, nami siwezi kumlaumu. Kukaa bure karibu na mgonjwa ni kazi ngumu kuliko kupiga kafi. Tulimpa mgonjwa dawa ya kushusha homa, tukamfuta kwa kitambaa chenye maji, tukamnywesha kidogo kidogo. Moto tuliulisha usiku kucha. Mara mbili tulisikia viboko wakikoroma ng'ambo. Kulipopambazuka Mzee aliingia mtoni bila kusema neno, naye kijana akapiga kafi kwa nguvu za watu wawili. Pale penye kundi tulihesabu vichwa kumi na kimoja.

Mganga alimtoboa kidole, akaona malaria, akampa dawa mseto. Tulilala kijijini, na asubuhi seremala aliomba uji, kisha akaomba tena.

Toka hapo mto hugawanyika kuwa mikono mingi, na mikoko husimama pande zote kama kuta. Katika maficho hayo manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha mwaka 1914, hata Waingereza wakaiangamiza Julai 1915. Maji huko hufuata bahari: yakipwa yanakuvuta, yakijaa yanakurudisha. Tulingoja maji kupwa, tukala kaa waliochomwa, tukafika Nyamisati jua likizama.

Tulimsihi Mzee alale, apande basi asubuhi pamoja nasi. Akakataa. Maji yalikuwa yameanza kujaa, naye alitaka yampandishe bure mpaka kijiji cha jamaa zake kilichokuwa karibu.