Mwalimu, leo watoto wamejifunza nini?

Kengele ya mwisho imekwisha kulia. Watoto wametoka mbio, vumbi la uwanjani limetulia, na ndani ya darasa amebaki mwalimu peke yake, akiufuta ubao. Saa hiyo ndiyo tutakayosema habari zake leo. Watu wengi wadhani ya kuwa kazi ya mwalimu yaanza kengele inapolia asubuhi, na kuisha inapolia mchana. Sivyo. Liko somo jingine, lisiloandikwa katika ratiba, ambalo mwalimu hujifunza mwenyewe wakati viti vimekuwa vitupu.

Katika saa hiyo mwalimu aweza kujiuliza swali moja kati ya mawili. La kwanza ni hili: "Leo nimefundisha nini?" Jibu lake ni jepesi, maana limeandikwa katika daftari la matayarisho. La pili ni hili: "Leo watoto wamejifunza nini?" Hilo ni gumu zaidi, nalo ndilo lenye faida. Kati ya neno la mwalimu na akili ya mtoto pana mto, wala si kila mtoto amekwisha kuvuka.

Kuimba si kusoma

Tuchukue mfano. Tumtazame mwalimu wa mwaka wa kwanza, katika shule ya parokia moja kando ya ziwa Tanganyika. Anao watoto 72. Ameandika ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Aonyesha kwa fimbo, na darasa zima laitika kwa sauti moja, vizuri kabisa, hata wapita njia wasimama dirishani na kusema: "Watoto hawa wanajua!" Mwalimu auliza: "Mmefahamu?" Wote wajibu: "Ndiyo, mwalimu!"

Lakini jioni moja, anapofuta ubao, shaka yamwingia moyoni. Kesho yake hafuati tena mstari. Aonyesha huku na huku, tena amwita mtoto mmoja mmoja. Amwita msichana wa kiti cha nyuma. Fimbo yaonyesha bu. Mtoto atazama ubao, amtazama jirani yake, kisha kwa sauti ndogo asema: "Ba." Kumbe, mwezi mzima mtoto huyo alikuwa akiimba kwa sikio, bila kusoma kwa jicho! Hakuwa mvivu wala mjinga. Sauti ya wengi ilimficha, na mwalimu hakupata kumwona.

Je, kosa ni la nani? Mwalimu angeweza kumkemea mtoto. Angeweza pia kusema ya kwamba watoto ni wengi mno, naye angesema kweli. Katiba ya mwaka 2006 yaagiza masomo ya msingi yawe ya lazima, na ya bure katika shule za serikali. Agizo hilo lilianza kutekelezwa mwezi wa Septemba 2019, hata katika shule zinazoongozwa na Kanisa kwa mapatano na serikali. Watoto wengi waliokaa nyumbani kwa kukosa ada wakaingia shuleni, nasi twafurahi. Lakini madarasa mengi yalijaa kupita kiasi, na watoto watatu watatu wakabanana mahali pa wawili. Mzigo huo ni mzito, wala hatuufichi. Hata hivyo, kulalamika juu ya wingi wa watoto hakumfundishi kusoma hata mmoja wao.

Lengo moja, dogo, lenye kuonekana

Basi mwalimu wetu afanya nini? Jioni ile aketi, achukua daftari, na kujiwekea lengo. Haandiki: "Watoto wafahamu silabi vizuri." Kufahamu kwakaa ndani ya kichwa, nani atakuona? Kila mwalimu aliyesoma ualimu katika nchi yetu ayajua maneno haya: "Mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza..." Neno lifuatalo lapaswa kuwa la tendo linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio: kusoma, kuandika, kuhesabu, kuonyesha, kupima. Wengi huyaandika maneno hayo kwa ajili ya inspekta tu. Mwalimu wetu ayaandika kwa ajili ya yule msichana wa nyuma.

Aandika hivi: "Kila mtoto, peke yake, atasoma silabi tano nitakazomwonyesha bila kufuata mstari." Kisha apiga hesabu. Watoto 72 hawezi kuwasikiliza kwa siku moja. Lakini 12 aweza: dakika moja kwa kila mtoto, karibu na meza yake, huku wengine wakiandika katika madaftari. Siku ya sita atakuwa amewapitia wote. Kando ya kila jina atatia alama: mstari kwa ajuaye, nukta kwa asitaye, duara kwa yule ambaye bado.

Tuseme ya kwamba mwisho wa siku hizo ahesabu mistari 31, nukta 23, na maduara 18. Je, aone haya? Hasha! Wazee walisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Jana alisema tu, "Darasa langu ni dhaifu," na neno hilo halikumwonyesha njia. Leo anayo majina 18 mkononi. Ayasoma moja moja, na sababu zaanza kujitokeza. Hawa wanne wakaa upande ule ambako jua lang'aa juu ya ubao, wala hawaoni chaki; awahamisha. Hawa watatu hukosa shule siku ya soko. Atasema na wazazi wao. Hawa wengine nyumbani husema Kitabwa au Kibembe tu, na Kiswahili cha shule bado ni kigeni kwao. Atawaeleza maneno kwa vitu na kwa picha. Lengo la juma lijalo litakuwa la hao 18, na baadhi ya wale 31 watawasaidia wenzao.

Mfano wa siku nyingi

Jambo hili si la leo wala jana. Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, aliyezaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, na kufa mwaka 1719, alikusanya waalimu wa watoto maskini, wakawa Mabruda wa Shule za Kikristo. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimweka awe msimamizi wa waalimu wote. Kitabu chake cha kuongoza shule kilipigwa chapa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Je, alikiandika peke yake, amejifungia chumbani? La. Kwa miaka mingi alishauriana na mabruda wazee juu ya yale waliyoyaona darasani: hili lafaa, lile halifai, hili tulijaribu tena.

Wakati ule desturi ilikuwa kuwaanzisha watoto kusoma kwa Kilatini. Mabruda wakaona ya kuwa watoto wa maskini hutoka shuleni mapema ili kutafuta mkate wao, nao hawajui kusoma Kilatini wala Kifaransa. Basi wakaanza na Kifaransa, lugha ambayo watoto waliisikia kila siku. Nasi pia, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Na Kiswahili ni kimoja cha lugha nne za taifa. Lakini lugha njema na sheria njema hazimwondolei mwalimu kazi ya kutazama kama mtoto anasoma au anaimba tu.

Mganga hajigangi

Mwalimu ajihojiye peke yake aona nusu tu. Mganga hajigangi, ahitaji jicho la mwenzake. Katika shule zetu za ualimu iko desturi njema: kijana afundisha mbele ya wenziwe, kisha wote pamoja walipima somo lake. Yasikitisha kuona ya kwamba wengi, wakiisha kupata diploma, waiacha desturi hiyo kama nguo ya utotoni.

Waalimu wawili wa shule moja waweza kuirudisha bila kutumia hata faranga moja. Mmoja amwambia mwenzake: "Njoo ukae nyuma ya darasa langu nusu saa. Usinisifu wala usinilaumu. Uhesabu tu ni watoto wangapi ninaowaita, nao wameketi mistari gani." Jibu laweza kuchoma. Huenda akasikia ya kuwa wote aliowaita walikuwa wa mistari miwili ya mbele. Lakini afadhali kuchomwa na neno la rafiki kuliko kufundisha mwaka mzima nusu ya darasa bila kujua.

Nawe, Bwana Direkta, usiyageuze mambo haya kuwa mtego. Mwalimu akiogopa kwamba unyofu wake utamnyima kazi, atalificha kosa lake, atanakili matayarisho ya mwaka jana na kubadili tarehe tu. Daftari litakuwa safi, na watoto watabaki vile vile. Wala hatusemi ya kuwa saa ile ya jioni yaondoa shida za mshahara na za nyumba zinazovuja. Shida hizo zina wenye kupaswa kuzitengeneza. Twasema tu kwamba mtoto wa kiti cha nyuma hawezi kungoja mpaka zote zitengenezwe.

Neno kwa wazazi na wanafunzi

Enyi wazazi, mtoto arudipo, msimwulize tu: "Umekuwa wa ngapi?" Mpeni kitabu, mwambieni: "Nisomee mstari huu." Hata baba asiyejua kusoma aweza kusikia kama mtoto anakwenda au anakwama. Akikwama, mwendee mwalimu kwa heshima, mkashauriane.

Nanyi wanafunzi, mwalimu aulizapo, "Mmefahamu?" msijibu "Ndiyo" kwa sababu tu wengine wamejibu hivyo. Si aibu kusema: "Mwalimu, mimi bado." Kwa maneno hayo mwamsaidia kuifanya kazi yake.

Basi, waalimu wapenzi, jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango wa darasa, andikeni katika daftari jina la mtoto mmoja ambaye hamjui kwa hakika kama amefahamu. Kesho mwiteni yeye kwanza.