Bidoni za Esansi na Masanduku ya Baruti: Hatari Iliyo Nyuma ya Mlinzi

Askari anayepewa zamu Bugarama, au chini kwenye barabara ya ziwa iendayo Rumonge, hufundishwa kumtazama adui ajaye kutoka nje. Ni nadra kukumbushwa kwamba nyuma ya mgongo wake, katika chumba kile ambacho ufunguo wake umetundikwa ukutani kwa ofisa wa zamu, kimewekwa kitu kiwezacho kuua watu wengi kuliko jambazi yeyote. Kitu chenyewe hakina ajabu machoni. Ni bidoni za esansi zilizokamatwa, pipa la mazutu ya jenereta, masanduku ya risasi, na pengine gunia la kostiki, ile soda kali wanayoitumia watengenezaji wa sabuni ya mawese.

Tuanze na esansi, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka mno hata ikadharauliwa. Katika miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta nchini Burundi, hususan tangu 2022, bidhaa hiyo imekuwa ikivushwa kwa magendo, ikiuzwa kwa kificho, na kuwekwa majumbani ndani ya bidoni za plastiki. Polisi huzikamata, na baada ya kuzikamata huwa hawana mahali pa kuziweka isipokuwa chumba cha kituo. Hapo ndipo hatari inapohama kutoka kwa mlanguzi na kuingia kwa mlinda sheria.

Ifahamike kwamba kinachowaka si esansi yenyewe ya majimaji, bali mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata katika baridi kali ambayo mwambao wa Tanganyika haujapata kuiona, yaani nyuzi 40 chini ya sifuri. Nao ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukapotea. Hutambaa sakafuni kama maji, huingia mtaroni, hupita chini ya mlango, na huenda kuukuta mkaa wa mpishi aliye hatua nyingi kutoka hapo. Ndani ya boti hujikusanya chini ya mbao za sakafu, mahali pasipofikiwa na upepo. Ndiyo sababu pipa lililokwisha kumwagwa mafuta lina hatari kuliko lililojaa: ndani yake umebaki mvuke uliochanganyika na hewa, ukisubiri cheche tu. Fundi anayeagizwa kulikata pipa tupu kwa moto wa gesi apate kutengeneza jiko anastahili kuzuiwa mara moja, hata kama aliyemwagiza ana nyota begani.

Mfano hauko mbali. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, ng'ambo ya Mto Ruzizi, kaskazini mwa Uvira. Mafuta yalimwagika, wananchi wakakusanyika, wengine wakiwa na vyombo vya kuchotea. Wengine hawakuwa na habari ya lori hilo; walikuwa wameketi wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto uliwakuta wote. Zaidi ya watu 230 walikufa. Mnamo tarehe 10 Agosti 2019 mambo yalikuwa hayo hayo huko Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Katika ajali za namna hiyo askari wa kwanza kufika hana haja ya kuanza kwa kupima urefu wa matairi. Wajibu wake wa awali ni kuwarudisha watu nyuma, akikaa upande ule upepo unakotoka, na kuzima kila injini na kila sigara.

Kuhusu mali iliyokamatwa, kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea mbali na Afrika. Katika bandari ya Beirut, serikali ya Lebanon iliweka ghalani tani 2,750 za amonia naitreti iliyotoka katika meli iliyozuiliwa mwaka 2013. Shehena ilikaa miaka. Barua ziliandikwa, zikajibiwa na barua nyingine. Tarehe 4 Agosti 2020 moto uliwaka katika ghala hilo, kikosi cha zimamoto kikaitwa bila ya kuelezwa kilichomo ndani, na mlipuko ukawaua watu zaidi ya 200, wakiwamo wazimamoto hao. Kituo cha mwambao hakina tani 2,750 za kitu chochote. Lakini tabia ni ile ile: mali inakamatwa kwa shangwe, inaandikwa katika daftari, kisha inasahauliwa hadi ofisa aliyeikamata anapohamishwa na mrithi wake hajui kilichomo ndani ya chumba cha mwisho.

Baruti za jeshi zina tabia yake ya pekee. Wengi hudhani risasi na makombora, yakiwa yamefungwa vizuri, hudumu milele kama jiwe. Sivyo. Baruti inayosukuma kombora huoza polepole, na kuoza huko hutoa joto. Viwandani hutiwa dawa ya kuzuia uozo, lakini dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikiisha baruti yaweza kujiwasha yenyewe pasipo mkono wa mtu. Joto la mahali huharakisha jambo hilo. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na pwani yake ina joto kuliko milima ya Mugamba. Sanduku lililo chini ya bati lisilo na dari huko Rumonge huzeeka mapema kuliko mwenzake aliyeko milimani. Kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa ubavuni mwa sanduku si pambo. Lililo zee hutangulia kutoka.

Waliopuuza haya wamelipa. Mbagala, jijini Dar es Salaam, maghala ya jeshi yalilipuka tarehe 29 Aprili 2009. Hata miaka miwili haikutimia, tarehe 16 Februari 2011, yakalipuka ya Gongo la Mboto katika jiji hilo hilo. Tarehe 4 Machi 2012 moto wa ghalani uliangamiza mtaa wa Mpila mjini Brazzaville, na karibu watu 300 wakafa. Huko Bata, Guinea ya Ikweta, tarehe 7 Machi 2021, waliokufa walizidi 100, na Rais wa nchi hiyo alitaja uzembe wa walinzi wa baruti pamoja na moto wa wakulima waliokuwa wakichoma mabaki ya mazao karibu na kambi. Jambo hili la mwisho liwafikie sana walio Bugarama, ambako mashamba yamepanda mlimani hadi kwenye ua. Nyasi zinazozunguka ghala hufyekwa kabla ya kiangazi, na mkulima jirani huambiwa kwa heshima, si kwa kitako cha bunduki, ni wapi asichome.

Hesabu ya umbali nayo ina siri yake. Baruti ikiongezwa mara 8, umbali wa usalama unaohitajika huongezeka mara 2. Kwa maneno mengine, kuhamisha nusu ya shehena kunapunguza umbali huo kidogo tu. Kinachookoa ni kutenga marundo kwa kingo za udongo ili moja lisiamshe jingine, na kuweka fyuzi mbali na makombora yake.

Kostiki yataka maneno machache. Haiwaki, ila huunguza ngozi na hupofusha macho. Yeyote anayeichanganya huitia yeye soda ndani ya maji kidogo kidogo. Akimimina maji juu ya soda, huchemka na kumrukia usoni. Iliyomwangukia mtu huoshwa kwa maji mengi, kwa muda mrefu, bila kungoja gari la hospitali.

Na moto ukishayafikia masanduku ya baruti, hapana ushujaa wa kuuzima kwa ndoo. Kazi iliyobaki ni kuwaondoa watu, nayo ina ufundi wake. Huko Ikeja, Lagos, tarehe 27 Januari 2002, wengi kati ya watu wapatao 1,000 waliokufa hawakuuawa na makombora. Walikimbia gizani wakatumbukia katika mfereji, wakazama. Bugarama ina miteremko mikali, na chini yake kuna ziwa. Njia ambayo wanawake na watoto wataongozwa kuifuata usiku yafaa ichaguliwe mchana, na kila askari mgeni aipite kwa miguu katika juma lake la kwanza.