UGANDA: FILAMU ZA WAKALIGA NA MFUKO WA MWENYEWE

Katika nchi za Afrika Mashariki, mtu anapotamka kwamba anataka kutengeneza filamu, swali la kwanza analoulizwa si hadithi gani atakayoisimulia, bali ni fedha zitatoka wapi. Swali hilo si la kudharauliwa. Anayelipa gharama za filamu ndiye ambaye mara nyingi huamua nani awe shujaa wake, lugha gani itumike, na kisa kiishe namna gani. Kwa hiyo habari ya fedha za filamu si habari ya wahasibu peke yao. Ni habari ya nani atakayewaeleza watoto yaliyotokea katika nchi yao.

Askari wa Tanzania walioingia Kampala mwezi Aprili 1979, na wale waliolelewa na askari hao, wanao mfano ulio karibu. Mwaka 2006 ilitolewa filamu iitwayo The Last King of Scotland, inayohusu utawala wa Idi Amin. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa nchini Uganda kwenyewe, na muigizaji wake mkuu, Forest Whitaker wa Marekani, alipata tuzo ya Oscar. Lakini msiba huo wa Waganda unatazamwa humo kwa macho ya daktari kijana kutoka Scotland, na daktari mwenyewe ni mtu wa kubuniwa. Hapana shaka waliotoa fedha walikuwa na hesabu yao: mtazamaji wa Ulaya, walidhani, hununua tiketi kwa urahisi zaidi akimwona mtu wa kwao.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, kampuni kubwa ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya Queen of Katwe, kuhusu binti wa mtaa maskini wa Kampala aliyekuwa bingwa wa mchezo wa sataranji. Hapa Mganda ndiye kiini cha kisa, na lazima isemwe kwamba ni filamu nzuri. Gharama yake ilikuwa dola za Marekani zipatazo milioni 15. Ni kampuni ngapi katika Afrika Mashariki zinazoweza kutoa fedha hizo kwa filamu moja?

Nchi jirani zimejaribu njia mbalimbali. Msumbiji, baada ya kupata uhuru wake mwaka 1975, iliamua kwamba sinema ni kazi ya Serikali. Ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Sinema, na taarifa zake za habari zilizoitwa Kuxa Kanema, yaani kuzaliwa kwa sinema, zikapelekwa mpaka vijijini kwa magari. Kwa miaka kadhaa mkulima wa Msumbiji alijiona mwenyewe juu ya kitambaa cheupe. Lakini vita vilipopamba moto, mfuko wa Serikali ulikuwa na mambo mazito zaidi ya kugharamia. Mwaka 1991 moto uliunguza jengo la Taasisi hiyo mjini Maputo.

Kenya nayo ilipata sifa mwaka 2012 kwa filamu ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Hiyo ilitokana na ushirikiano kati ya watengenezaji wa Nairobi na kampuni ya Kijerumani ya One Fine Day Films, na ndiyo filamu ya kwanza iliyopelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Wajerumani hao hawakuwanyang'anya Wakenya kisa chao. Walileta mafundi, wakafundisha, kazi ikafanyika. Hata hivyo wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mfadhili akibadili mipango yake huko kwao, msanii wa huku hubaki na karatasi zake mkononi.

Katika hali hiyo ndipo unapofaa kutazamwa mtaa wa Wakaliga, pembezoni mwa jiji la Kampala, mahali ambapo mtu mmoja hakungoja mfuko wa Serikali wala wa mgeni.

Mtu huyo ni Isaac Nabwana. Alizaliwa mwaka 1973, kwa hiyo Amin alipong'olewa alikuwa bado mtoto mdogo. Hakusomea filamu katika chuo chochote cha ng'ambo. Kabla ya kushika kamera alifyatua matofali, na fedha za matofali ndizo zilizokuwa mtaji wake. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake, Ramon Film Productions, nyumbani kwake. Kompyuta ya kuunganishia picha aliiunda mwenyewe kwa vipuri. Umeme ulikuwa ukikatika, vumbi likiingia, na kazi ikiendelea.

Mwaka 2010 alitoa filamu iliyomtangaza, Who Killed Captain Alex?, yaani Nani aliyemuua Kapteni Alex? Kisa chenyewe kitawavutia wasikilizaji wa vikosini. Kapteni Alex, afisa hodari wa jeshi la Uganda, anatumwa kulivunja kundi la wahalifu lililouteka mji. Katikati ya kazi hiyo anauawa, na ndugu yake, fundi wa mapigano ya kung fu, anafika kumtafuta muuaji. Risasi zinalia, majengo ya Kampala yanalipuliwa kwa helikopta zilizochorwa kwa kompyuta, na mpaka mwisho mtazamaji haambiwi ni nani aliyemuua kapteni. Askari anayejua uzito wa bunduki ya kweli atacheka mara nyingi. Na acheke, kwa kuwa filamu yenyewe inamtaka acheke.

Gharama ya filamu hiyo inasemekana haikuzidi dola 200. Kwa gharama za Queen of Katwe zingetengenezwa filamu 75,000 za namna hiyo. Hesabu hii haisemi kwamba kazi hizi mbili zina ubora sawa, maana hazina. Inaonyesha tu kwamba kuna milango miwili ya kuingilia katika kazi moja, na mmoja wao mtu maskini anaweza kuufungua.

Aliufunguaje? Askari yeyote aliyewahi kukabidhiwa bohari ataelewa mara moja. Kiongozi mwenye risasi chache hapangi mapigano kama mwenye risasi nyingi. Huanza kwa kuhesabu alichonacho, kisha ndipo anapochagua mahali pa kupigania. Watengenezaji wengi huandika kwanza kisa, halafu huenda kutafuta fedha za kukitimiza, na wengi huzeeka wakitafuta. Nabwana aliligeuza jambo hilo. Alitazama kilichokuwapo Wakaliga: vijana wengi wenye nguvu na muda, njia za mtaani, vyuma chakavu, na watu waliopenda sana filamu za mapigano. Kisa kikatungwa kutokana na vitu hivyo.

Fundi wake, Dauda Bisaso, aliunda bunduki kubwa za maonyesho kwa vyuma vya kuokoteza. Hapo mwanzo damu ya majeruhi ilikuwa damu ya ng'ombe. Baadaye ikaachwa kwa ajili ya afya za waigizaji, ikatumiwa rangi nyekundu ya chakula iliyotiwa katika vifuko vya mpira, ambavyo hupasuliwa wakati mtu anapopigwa risasi. Kitambaa cha kijani kutoka sokoni kilitundikwa ukutani, mbele yake muigizaji akapigwa picha, na kompyuta ikamweka popote palipotakiwa. Mambo haya huchekesha yakisimuliwa, lakini kila moja ni uamuzi wa biashara na ni uamuzi wa sanaa pia. Bunduki ya chuma chakavu iliokoa fedha, na papo hapo ikazipa filamu za Wakaliga sura ambayo hazishirikiani na filamu nyingine yoyote duniani. Mtazamaji akiiona picha moja tu anajua imetoka wapi, na sura ya namna hiyo ni kitu ambacho makampuni makubwa hulipia fedha nyingi bila ya kuhakikishiwa kuipata.

Upande wa kuuza ulipangwa kwa makini vilevile. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Filamu ilipokamilika, waigizaji wale wale walichukua nakala za DVD, wakazunguka nyumba kwa nyumba kuziuza, na kila mmoja akabaki na nusu ya mauzo yake. Hivyo muigizaji akawa mchuuzi, na mchuuzi akawa tangazo linalotembea, kwa sababu ni nani asiyetaka kununua filamu kutoka mkononi mwa mtu aliyekufa ndani yake? Haraka ilikuwa lazima. Wadurufuji wa wizi hawakukawia, na nakala zao zilipofika sokoni, biashara ya halali ilikuwa imekwisha. Muda kati ya siku ya kutolewa filamu na siku ya wizi ndio uliokuwa msimu wote wa mavuno.

Jambo hili la wizi wa kazi za sanaa linawahusu askari polisi moja kwa moja. Nakala ya magendo ikiuzwa sokoni huonekana ni kosa dogo, na anayeinunua hajioni kuwa ameshiriki uhalifu. Lakini kwa mtengenezaji ambaye mtaji wake wote ni dola 200, nakala hizo ndizo zinazoamua kama kutakuwa na filamu ya pili. Kampuni kubwa ya ng'ambo huibiwa ikaendelea. Ya mtaani huibiwa ikafa.

Kuna kiungo kingine ambacho wageni walichelewa kukielewa. Katika vibanda vya video vya Uganda, filamu za kigeni kwa muda mrefu zimekuwa zikitafsiriwa papo hapo na msemaji aitwaye VJ, ambaye hueleza kisa kwa Kiganda, huongeza mizaha, huwasifu mashujaa na kuwazomea waoga. Watu wa Tanzania wanaijua kazi hiyo kwa jina la Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilisikika katika mikanda mingi ya video. Wakaliga wakamchukua VJ Emmie, wakaitia sauti yake ndani ya filamu yao wenyewe. Kwa mtazamaji wa Kampala hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kwa mtazamaji wa ng'ambo lilikuwa kitu ambacho hajapata kukisikia.

Na huyo wa ng'ambo alifika bila ya kualikwa. Mwaka 2010 vipande vya kuitangaza filamu ya Kapteni Alex viliwekwa katika mtandao wa YouTube, vikasambaa. Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, alivutiwa, akasafiri mwaka 2011 mpaka Wakaliga, na baadaye akahamia huko kufanya kazi pamoja na Nabwana. Mwaka 2015 wakatangaza katika mtandao wa Kickstarter, ambako watu wa popote huchangia kazi wanazozipenda, kwamba wanahitaji dola 160 za kutengenezea filamu mpya. Michango ilipita dola 13,000, yaani zaidi ya mara themanini ya kiasi kilichoombwa.

Wachangaji hao hawakununua hisa, wala hawakupewa haki ya kubadili kisa. Walitoa kidogo kidogo kwa sababu walitaka filamu hiyo iwepo. Njia hiyo imeitangulia intaneti. Mwaka 1976 nchini India, mwongozaji Shyam Benegal alitengeneza filamu ya Manthan, juu ya ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na fedha zake zilitoka kwa wakulima 500,000 wa Gujarat, kila mmoja rupia mbili. Wakulima hao ndio waliokuwa wenye filamu, nao ndio waliokwenda kuitazama. Tofauti ni kwamba wa Gujarat walikuwa na ushirika wa kuwakusanya, ambapo wa Wakaliga walikusanywa na kicheko.

Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, inayohusu watoto waliotekwa nyara, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto nchini Kanada, moja ya matamasha makubwa ya dunia. Bila shaka wapo waliokwenda kuitazama kwa udadisi tu, kama mtu anavyokwenda kuangalia kiroja. Lakini filamu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Mganda wa Wakaliga.

Ubanaji huu wa fedha, hata hivyo, ulikuwa na malipo yake. Kompyuta moja haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kila kitu. Ilipofika wakati wa kutengeneza filamu iliyofuata, picha za asili za Kapteni Alex zilifutwa ili kupata nafasi, maana Nabwana hakufikiri kwamba kuna mtu nje ya mtaa wake atakayeitaka filamu hiyo. Watu walipoanza kuitafuta kutoka kila upande wa dunia, iliyobaki ilikuwa ni nakala ya DVD peke yake, picha zake zimefifia, na sauti ya VJ Emmie imo ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, wala haiwezi tena kutenganishwa nayo.